Tahadhari: dalali anayeuza ndege binafsi isiyo yake

Ndugu zangu, hasa mnaofanya biashara kati ya Dar, Nairobi, Lubumbashi na Johannesburg, kuna dalali anazunguka akiuza jeti ndogo iliyotumika. Ndege ipo kweli na namba zake ni za kweli. Mtapelekwa mkaipande, mkae kwenye viti vyake. Ila hana ruhusa ya kuiuza. Sisi ametuibia dola 165,000, na bado yuko kazini, ndiyo maana naandika.

Mimi ni mhasibu wa kampuni ya familia hapa Dar es Salaam. Mzee wetu ana shughuli Mwanza na Lubumbashi, na kwa miaka mingi amekuwa akikodi ndege. Mwaka jana akasema sasa anunue yake. Ofisini tukabishana wiki kadhaa: mpya au iliyotumika? Kijana wake mkubwa alitaka mpya, itoke kiwandani na dhamana yake. Lakini jeti ndogo mpya, mfano Citation M2, inapita dola milioni 5, na tangu mahitaji yalipopanda baada ya korona viwanda vimekuwa na foleni ndefu. Rubani anayemrusha Mzee siku zote alipendelea iliyotumika. Alisema ndege hupoteza thamani zaidi miaka yake ya mwanzo, basi hasara hiyo aibebe mwingine. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito, na Mzee akabaki njia panda.

Dalali aliingilia hapo hapo. Aliletwa na mtu tunayemheshimu, anaongea Kiswahili safi, anamwamkia Mzee shikamoo kwa kuinama. Hakuanza kwa kutaja ndege yake. Alianza kumtisha Mzee kuhusu ndege mpya, tena kwa kisa cha kweli. Alisimulia habari za Eclipse, kampuni ya Albuquerque kule Marekani iliyouza jeti ndogo kwa bei nafuu kuliko wenzake wote. Novemba 2008 iliomba kinga ya mahakama kwa kufilisika, ikiwa imekabidhi ndege kama 260 tu, na waliokuwa wametanguliza pesa wakisubiri zao wakaishia kwenye orodha ya wadai. Nilikwenda kusoma mwenyewe nikakuta ni kweli, na hapo ndipo alipotupata. Ukishamwamini mtu kwa jambo moja la kweli, la pili unaacha kulihakiki kwa makini yale yale. Akamalizia, "Mzee wangu, nunua unachokiona kwa macho."

Basi tukaenda kuona kwa macho. Ndege ilikuwa kwenye hanga moja uwanja wa Lanseria, nje ya Johannesburg. Ni Citation CJ2, injini mbili za Williams FJ44, usajili wa Marekani, ile namba inayoanza na N. Mlango ulifunguliwa, tukapanda ngazi, Mzee akakaa kwenye kiti cha nyuma akanyoosha miguu. Viti vya ngozi, rangi ya maziwa. Fundi mwenye ovaroli ya buluu alikuwapo akiitikia kila alichosema dalali. Bei dola 1,650,000, wakati nyingine za umri huo tulikuwa tukiziona zinatangazwa kwa zaidi ya milioni 2. Sababu ya bei kushuka ilikuwa tayari: mwenyewe anadaiwa, anataka iondoke upesi, na kuna mnunuzi kutoka Angola anakuja Ijumaa.

Rubani wetu aliomba vitabu vya kumbukumbu za matengenezo. Akaambiwa viko kwa mwanasheria, vitakuja baada ya arubuni kulipwa. Akauliza kama injini zimeingizwa kwenye mpango wa matengenezo wa kulipia kwa saa, maana kama hazimo, mnunuzi anarithi gharama ya kuzifumua. Jibu likawa, "Hakuna shida, kila kitu kimo." Akauliza habari ya kutua kwenye viwanja vya changarawe, maana Mzee ana migodi huko. "Hakuna shida." Njiani kurudi hotelini rubani aliniambia, "Mhasibu, mtu anayeuza jeti ya aina hii halafu hajui inataka lami, huyo haijui ndege." Nilimsikia. Sikufanya kitu, kwa sababu Mzee alikuwa ameshaipenda, na mimi sikutaka kuwa wa kumvunja moyo.

Hapa naomba msome polepole, maana wengi tutaanguka pale pale. Dalali alituonyesha cheti cha usajili, na jina lilikuwa la amana (trust), yaani mdhamini anayeishikilia ndege kwa niaba ya mwenyewe, kwa kuwa wasio raia wa Marekani mara nyingi husajili ndege zao kule kwa njia hiyo. Tukaridhika. Sasa najua kwamba kwa sheria ya Marekani yenyewe, cheti cha usajili si ushahidi wa umiliki. Umiliki na madeni vinatafutwa kwenye mafaili ya ofisi ya usajili iliyoko Oklahoma City, pamoja na rejesta ya kimataifa iliyoanza Machi 2006 chini ya Mkataba wa Cape Town, ambayo inaendeshwa kutoka Dublin na inatafutwa kwa namba ya utengenezaji ya ndege. Kazi hiyo wapo wanasheria na kampuni zinazoifanya kwa ada ambayo si kitu mbele ya bei ya ndege. Sisi hatukumtuma mtu.

Kisha pesa. Dalali alisema, na hapa pia alisema kweli, kwamba pesa za ndege hazipewi muuzaji mkononi. Zinashikwa na mtu wa tatu mpaka ukaguzi uishe na hati zikamilike. Akataja kampuni ya kweli ya Oklahoma. Baada ya siku mbili ikaja barua pepe yenye nembo yao na namba ya akaunti. Anwani ilifanana na yao isipokuwa sehemu moja: palipotakiwa kuwa na herufi m paliandikwa r na n zimegusana. Kwenye simu huwezi kuona tofauti. Akaunti ilikuwa nchi nyingine, si Marekani, na jina la mwenye akaunti lilikuwa la kampuni ya biashara ya jumla. Nilipouliza, dalali akasema ni tawi lao. Nikatuma arubuni mimi mwenyewe, asilimia 10 ya bei.

Siku ya 12, vitabu havijaja na dalali hapokei simu, nikatafuta namba ya ile kampuni mahali pengine, si kwenye barua pepe, nikawapigia. Mama aliyepokea alikuwa mpole. Aliniomba nisome anwani ya barua pepe herufi kwa herufi. Nilipofika kwenye r na n akanyamaza kidogo, kisha akaniambia hawana faili lolote la ndege hiyo. Benki yetu ilijaribu kuzirudisha pesa, zikawa zimeshahamishwa. Mwenye hanga alitueleza kuwa ndege imeletwa kwa matengenezo, mwenyewe hajawahi kuiweka sokoni, na bili ya kazi haijalipwa. Maana yake hata kama tungeuziwa kihalali, karakana ingeweza kuizuia mpaka ilipwe. Fundi yule wa ovaroli ya buluu hakuwa mfanyakazi wao.

Msidhani basi kuwa mpya ni salama na iliyotumika ni hatari, au kinyume chake. Oktoba 2023 mahakama ya Texas ilimfunga miaka 16 Debra Mercer-Erwin, aliyekuwa na kampuni ya kweli kabisa ya hati za ndege huko Oklahoma City. Yeye hakuhitaji kughushi anwani ya mtu: alishiriki kuchukua pesa za arubuni za ndege ambazo hazikuwa zikiuzwa. Kwa hiyo hata jina likiwa la kweli, mwanasheria wako ndiye achague nani ashike pesa, asichaguliwe na dalali. Na kwa ndege mpya, mkataba useme wazi pesa unazotanguliza zinakaa wapi wakati ndege inaundwa, na nini kitatokea kiwanda kikianguka.

Kwa iliyotumika, arubuni ya kawaida inarudishwa yote mpaka utie saini kuikubali ndege baada ya ukaguzi, na ukaguzi ufanyike kwenye karakana uliyoichagua wewe. Vitabu vionekane kabla ya shilingi yoyote kutoka, tangu siku ndege ilipotoka kiwandani. Vikikosekana, thamani inaporomoka hata ndege ikiwa nzima. Ukitaka kuileta kwenye usajili wa Tanzania (5H) au wa Kenya (5Y), lazima ifutwe kwanza kule ilikosajiliwa, kwa kuwa ndege haiwezi kuwa na usajili halali wa nchi mbili. Na dalali asiye na idhini ya mwenye mali hawezi kuomba ifutwe. Mwambie muuzaji mapema kwamba utahitaji hati hiyo, uone uso wake. Na kama umeshatuma pesa na moyo umeingia wasiwasi, nenda benki saa hiyo hiyo, usisubiri kesho kama mimi nilivyosubiri siku 12.

Tumeripoti polisi hapa na Afrika Kusini. Wiki iliyopita jamaa yetu wa Nairobi ametumiwa picha na mtu mwenye jina jingine na namba nyingine ya simu. Ni ndege ile ile. Itazameni: viti rangi ya maziwa, meza ya kukunja upande wa kushoto imepasuka pembe, na chini ya dirisha la tatu kuna mkwaruzo mrefu kama kidole. Kama picha hizo zimekufikia, usijibu. Zihifadhi pamoja na namba iliyozituma, uzipeleke polisi.