TAHADHARI: Meza ya "kipimo cha mate" stendi ya Makumbusho

Mnaopita Makumbusho jioni, kuna kaka mmoja na dada aliyevaa koti jeupe wanaopima ugonjwa wa fizi kwa mate. Jumatano nimepigwa 65,000.

Unatema mate kwenye kikombe, wanachovya kikaratasi. Kikigeuka kijani unaambiwa fizi zimevimba kwa ndani na meno yatalegea mwaka huu huu. Mimi fizi zilikuwa zinatoka damu nikipiga mswaki, basi nikaingia mzimamzima. Nikalipa kwa simu, nikapewa poda, dawa ya kusukutua na vikaratasi vya kujipimia nyumbani.

Nikampima mume wangu: kijani. Mwanangu wa miaka sita: kijani. Nikachovya kwenye maji ya bomba. Kijani! Kumbe hata bomba letu lina ugonjwa wa fizi. Kwenye ndimu kikawa chekundu, ndipo nikakumbuka maabara ya sekondari. Ni karatasi za kupimia tindikali hizo jamani, na mate ya mtu mzima wa afya hayapishani sana na maji.

Kinachoniudhi ni kwamba wamejifunika elimu ya kweli. Fizi zikiwa na uvimbe, mate hubeba alama zake: kuna intalukini-1 beta, protini ambayo mwili huitoa penye uvimbe, kuna kimeng'enya MMP-8 kinachokula kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoshikilia jino. Vipimo vya kuzisoma alama hizo vipo. Ila hata hivyo vya kweli havikuonyeshi ni jino lipi lina shida, na kikaratasi cha tindikali hakioni alama hata moja.

Nikaenda kliniki ya meno. Daktari alizungusha kijiti cha chuma chenye alama za milimita kwenye kila jino, akimtajia nesi namba, yaani kina cha nafasi kati ya fizi na jino. Nyingi zilikuwa 2 na 3, hizo ni salama. Magego mawili ya chini, 5. Chanzo ni ugaga, ule uchafu uliogandia kwenye meno, na ugaga hautoki kwa kusukutua, unakwanguliwa. Ile poda aliinusa, akanirudishia bila neno.

Namba yao ya simu haipatikani tena, na jirani yangu ameiona meza hiyo hiyo Mbagala Rangi Tatu. Wakikuita, ulizia usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wa hicho kipimo. Ukiwa na chupa ya maji mkononi, waombe wachovye humo kwanza.