Memcached baada ya miaka minne: mbio inazo, ila mlango ukifungwa haikwambii

Nimeitumia memcached miaka minne sasa, kwanza kwenye seva moja pamoja na kila kitu, baadae kwenye mashine yake peke yake, na mi naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeinyima makusudi, na wale mliowahi kukesha nayo mnajua tayari kwa nini.

Kwa ambae hajakutana nayo, ni keshi, yaani programu ya bure inayokaa kwenye RAM (kumbukumbu ya haraka ya seva) na kushika majibu ambayo tovuti yako ingeenda kuyatafuta tena na tena kwenye databesi. Bidhaa za ukurasa wa mwanzo, bei, menyu, seshen za walioingia. Badala ya kuisumbua MySQL, databesi yenyewe, kila mtu akifungua ukurasa unaiuliza RAM, na jibu linarudi hujapepesa jicho. Brad Fitzpatrick aliitengeneza 2003 kwa ajili ya LiveJournal, mwanzo kwa Perl halafu ikaandikwa upya kwa C, na mpaka leo imebaki nyepesi vilevile. Unaiweka kwa amri moja, inaanza na megabaiti 64 tu za RAM, inasikiliza poti (mlango wa mtandao) 11211, basi. Hamna usajili, hamna kulipia. Kwenye spidi sina neno.

Neno langu ni kwenye koneksheni.

Nina mteja, mama mmoja anauza vitenge Kariakoo, ana tovuti ya kupokea oda. Biashara ikachanganya, seva ikaanza kuhema, nikaamua kuihamishia memcached kwenye VPS (seva ya kukodi) yake ndogo ya giga 2. Nikabadilisha anwani kwenye faili la mipangilio, nikafungua tovuti, inafunguka, nikaenda kulala zangu. Asubuhi simu.

"Mwanangu, hii tovuti leo ina nini? Inatoka kidogo kidogo kama maji ya mgao."

"Shikamoo mama, ngoja niangalie."

Nikaangalia log (rekodi za matukio) za PHP, lugha iliyoandikia tovuti, safi. Log za Nginx, inayohudumia kurasa, safi. Hakuna kosa hata moja, tovuti haijafa ila inachechemea, na hapo ndo nilipoanza kuipoteza ile nyota ya tano, maana kumbe ule mstari wa addServer kwenye PHP haugongi mlango wowote! Unaandika tu anwani kwenye daftari lake na kukujibu ndiyo, hata ukiiandikia anwani ya uongo itakujibu ndiyo. Safari yenyewe inaanza pale unapoomba kitu cha kwanza, na safari ikishindikana get inakurudishia false, ile ile false unayoipata kitu kikiwa hakimo kwenye keshi. Sasa kodi yangu ikawa inaona false, inasema aa kumbe hakimo, inaenda MySQL, inaleta, inajaribu kuhifadhi, inashindwa kimyakimya, mtu wa pili akija mzunguko ule ule, na kila mzunguko kuna kusubiri koneksheni ambayo haiji. Usiku kucha hivyo. Dawa ipo, unaita getResultCode baada ya get na hapo unatofautisha kukosa na kutofika, lakini ni wangapi tunaiandika? Mi sikuwa nimeiandika. Kwa haki ya memcached, hilo ni la maktaba ya upande wa PHP na sio la seva yenyewe, ila mimi mtumiaji navipokea vyote kwa pamoja kwa hiyo navihukumu pamoja.

Kitu ninachoipendea kuliko vyote ni kwamba unaweza kuongea nayo kwa mkono. Hauhitaji zana yoyote ya ajabu, ni telnet tu, amri ya kuunganika na poti na kuongea nayo kwa maandishi. Nikaingia kwenye mashine ya keshi, nikaandika telnet 127.0.0.1 11211 (127.0.0.1 ni anwani ya mashine kujiita yenyewe), ikafunguka, nikaandika version ikanijibu, nikaandika stats ikanimwagia mistari yake inayoanza na STAT. Kwa hiyo yenyewe nzima, inapumua. Nikarudi mashine ya tovuti, telnet kwenda anwani ya mashine ya keshi, poti ile ile. Trying... na kimya. Nikaenda kuchukua chai nikarudi, kimya.

Hapa nisikilize vizuri kama ndo unaanza, maana hii imeniokolea masaa mengi. Kukosa kufika kuko kwa aina mbili na kila moja ina ugonjwa wake. Ukipata "Connection refused" ni kama umepiga hodi na mtu wa ndani akakujibu hapa hakuna mwenye jina hilo, yaani nyumba umeipata, njia ipo, ila hakuna anayesikiliza kwenye huo mlango kwa anwani uliyoitaja. Ukipata "Connection timed out" ni hodi, hodi, hodi, na hakuna hata mbwa wa kubweka, basi mara nyingi kuna ukuta katikati unaozimeza hodi zako, faiawoli, au umekosea anwani kabisa. Ya kwanza unaenda kwenye mipangilio ya memcached. Ya pili usiiguse memcached kwanza, fuata njia. Watu wengi wanarestati memcached mara ishirini wakati inaonewa bure.

Yangu ilikuwa kimya, kwa hiyo faiawoli. Nikaifungulia ufw, faiawoli ya mashine yenyewe, kwa anwani ya mashine ya tovuti peke yake, nikajaribu, kimya vilevile. Nikasugua kichwa nusu saa nzima ndo nikakumbuka hao wenye VPS wana faiawoli yao nyingine kwenye paneli, nje ya mashine kabisa, na kwa chaguo-msingi ilikuwa imefunga kila kitu isipokuwa SSH, njia ya kuingilia kwenye mashine. Nikaifungua. Telnet tena. "Connection refused". Jamani sijawahi kufurahi kukataliwa kama siku ile.

Kutokea hapo ni dakika tano. Kwenye mashine ya keshi nikapiga ss -ltnp, amri ya kuonyesha poti zinazosikilizwa, nikaona inasikiliza 127.0.0.1:11211 tu, yaani inajiongelesha yenyewe chumbani. Kwenye Debian na Ubuntu mstari uko /etc/memcached.conf, umeandikwa -l 127.0.0.1, na juu yake kuna maelezo yanayosema kwamba huo ni moja ya kinga chache ilizonazo memcached. Nikaweka anwani ya mtandao wa ndani badala yake, restati, telnet kutoka upande wa pili, ikafunguka. Tovuti ikaanza kukimbia pale pale na mama akanitumia vidole gumba vitatu.

Kuna dogo ninayefanya nae kazi alinishauri, "Kaka we weka 0.0.0.0 umalize, mbona unajitesa." Yaani isikilize anwani zote za mashine. Dogo, hapana. Hii kitu kwa kawaida yake haina nywila, anayeifikia poti ameifikia data yote, na anaweza kukufutia yote kwa flush_all, neno moja tu. Na kuna mabaya zaidi. Februari 2018 seva za memcached zilizoachwa wazi kwenye intaneti zilitumika kuishambulia GitHub kwa trafiki iliyofika terabiti 1.35 kwa sekunde, sababu zilikuwa zinajibu UDP, njia ya kutuma data bila kuhakiki mtumaji, na mshambuliaji akituma ombi la baiti chache kwa jina la mtu mwingine, jibu zito linaenda kumwangukia huyo mwingine. Toleo 1.5.6 lililotoka siku hizo hizo likazima UDP kwa chaguo-msingi. Nyota hiyo nawapa, walirekebisha haraka. Ila ukikuta mashine yenye toleo la zamani, nenda kaizime mwenyewe kwa -U 0.

Vingine vidogo vilivyowahi kunila muda navitaja harakaharaka: PHP ina viendelezi viwili, memcache na memcached yenye d mwishoni, na ni vitu viwili tofauti, umesakinisha kimoja kodi inaita kingine halafu unalaumu mtandao. Ukishasakinisha urestati PHP-FPM (inayoendesha PHP kwenye tovuti), maana kwenye terminali itaonekana ipo ila kwenye tovuti haipo. Kuandika localhost kuna siku mashine inaitafsiri kuwa ::1 ya IPv6 wakati memcached iko kwenye 127.0.0.1, andika namba yaishe. Kwenye Docker, inayoendesha kila huduma ndani ya kontena lake, 127.0.0.1 ni kontena lenyewe sio jirani yake, tumia jina la huduma. Na ukiwa CentOS au ndugu zake, telnet inakubali ila tovuti inakataliwa, hapo ni SELinux, ulinzi wa ndani wa mfumo, ruhusu httpd_can_network_memcache kisha uendelee na maisha.

Sasa kesi ya pili, hii ilikuja kama mwezi baadae na ndo iliyoniuma zaidi. Tovuti asubuhi inakimbia, jioni inakwama, ukirestati memcached inapona, kesho jioni tena. Restati, inapona. Nikaizoea kama dawa ya maumivu, nikaweka hadi kroni (amri inayojiendesha kwa ratiba) ya kurestati saa kumi jioni, aibu yangu hiyo naiweka hapa hadharani. Siku moja nikasema leo sirestati, nikaingia na telnet upande wa ndani. Hata telnet ikawa inagoma! Nikasubiri, nikabahatisha kuingia, stats, curr_connections inasoma 1,000 na ushee, na chini yake listen_disabled_num ambayo inatakiwa iwe sifuri ilikuwa imepanda. Kikomo cha koneksheni ni 1024 usipokigusa. Kikijaa, wageni wapya wanabaki nje.

La kwanza kuwaza ni kupandisha -c, yaani kikomo hicho, iwe 4096, na ndivyo utakavyoshauriwa na kila mtu. Lakini piga hesabu kwanza. Nina mashine moja ya tovuti yenye PHP-FPM wafanyakazi 40, kila mmoja akishika koneksheni moja ni 40. Elfu moja zinatoka wapi? Nikapiga ss nikaona karibu zote zinatoka kwenye mchakato mmoja, skripti yangu inayokesha nyuma ikituma meseji za oda. Kila oda ilikuwa inatengeneza kiunganishi kipya na kukiweka kwenye orodha ambayo hakuna anayeisafisha, na kwa kuwa skripti haizimwi, koneksheni nazo hazifungwi. Oda zikiwa nyingi, jioni imejaa. Yaani mama akiuza sana ndo tovuti yake inakufa mapema. Nikabadilisha mistari miwili, kiunganishi kimoja kwa maisha yote ya skripti, na kroni ya aibu nikaifuta.

Watu wataniuliza kuhusu Redis, mshindani wake. Naitumia pia, kwa foleni na vitu ambavyo sitaki vipotee mashine ikizima, maana memcached ikizima imesahau yote. Na kwenye hili la koneksheni Redis wanawapiga chenga, tangu toleo 3.2 ukiifikia kutoka nje haijapangwa vizuri inakujibu kwa sentensi ndefu kabisa, iko kwenye hali ya kujilinda na fanya hivi au hivi. Memcached ingekuwa na ukarimu huo kidogo tu nisingekuwa naandika haya yote. Ila kwa keshi tupu ya kurasa, weka chukua tupa, bado naichagua hii, ni ndogo na haina makuu.

Kama una seva moja tu na ni PHP, wala usihangaike, APCu, keshi inayokaa ndani ya PHP yenyewe, inakutosha na haina mtandao wa kukatika. Seva mbili kwenda juu, chukua, ila siku hiyo hiyo punguza muda wa kusubiri koneksheni, mi nimeweka milisekunde 100, na andika kijiskripti kinachoweka ufunguo, kinausoma, usiporudi kinakutumia meseji kwenye simu. Changu kina mistari kumi na moja. Wiki iliyopita kilinipigia kelele saa tisa usiku, mashine ilikuwa imejirestati na memcached ikapanda kabla ya mtandao wa ndani haujakaa sawa. Nikainuka nikairestati nikalala, asubuhi mama anapiga kuniuliza habari za vitenge vya Kongo vilivyoingia, vipigwe picha lini.