Lozi au zabibu: mkulima wa California apande nini?

Ukiacha maziwa, ambayo kwa thamani hushika namba moja katika jimbo hilo, lozi na zabibu ndizo zinazotajwa kwanza California.

Lozi ni biashara ya dunia: takriban asilimia 80 ya lozi zote hutoka huko, hasa Bonde la Kati, eneo kubwa la kilimo katikati ya jimbo. Kazi yake karibu yote ni ya mashine. Mtambo hushika shina, hulitikisa sekunde chache, na lozi hubaki chini zikikauka kabla ya kufagiliwa. Tatizo ni kwamba mlozi haujui likizo: hata mwaka wa ukame lazima unyweshwe, na Februari, ukichanua, mwenye shamba hukodi nyuki wa kuchavusha maua, kwa kawaida mizinga miwili kwa ekari. Bei nayo ina vituko. Mwaka 2014 ratili moja ilifika dola 4 hivi. Miaka michache baadaye ikaporomoka chini ya dola 2.

Zabibu hutumia maji pungufu kuliko lozi na hazihitaji nyuki wa kukodi. Ila ndani ya California hiyohiyo, zabibu za eneo la Napa si za eneo la Fresno. Za Napa ni za mvinyo na huuzwa kwa jina la mahali. Za Fresno nyingi hukaushwa juani juu ya karatasi, na mvua moja ya Septemba yatosha kuziozesha. Lodi, eneo jingine la zabibu jimboni, kuna mizabibu yenye zaidi ya miaka 100 ingali inazaa, ilhali mlozi hung'olewa ukifikisha kama 25.

Mwenye haki ya kisheria ya kupata maji ya uhakika ya mto au mfereji, lozi bado zinalipa. Anayetegemea kisima pekee, mimi ningemshauri zabibu, lakini asichimbe shimo hata moja la kupandia kabla ya kupata mkataba na mnunuzi.