Mhadhara wa mwandishi wa uchunguzi Mji Mkongwe: hesabu ianzie wapi?

Nilihudhuria mhadhara wa mwandishi mgeni wa vitabu vya uchunguzi, uliofanyika baada ya sala ya alasiri katika ukumbi mmoja wa Mji Mkongwe, na akialikwa tena namshauri kila mwenye nafasi aende. Kiingilio hakikuwapo, na sisi tuliochelewa tulitandikiwa mikeka upande wa dirishani.

Maelezo ya mwanzo kuhusu tuzo na safari zake yalikuwa ya kawaida. Uzito ulianza alipochukua mfano wa MV Spice Islander I, meli iliyozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba. Meli iliruhusiwa kuchukua abiria 600 na kitu, miili iliyopatikana ilikuwa 203, na baadaye tume ya uchunguzi ikaeleza kuwa waliokuwamo walizidi 2,400. Tarakimu hizi tumeishi nazo, lakini sikuwahi kusikia mtu akiuliza hadharani kama alivyouliza yeye: ikiwa orodha ya abiria haiaminiki, hesabu ianzie wapi? Alieleza kwa subira kwamba mtafiti hana budi kuondoka bandarini akaenda vijijini, apite kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo, aingie nyumba kwa nyumba, na kila jina alithibitishe kwa watu wawili wasiokaa pamoja, kwa sababu maiti mmoja huweza kuhesabiwa mara mbili, kwa jina la cheti na kwa jina alilozoeleka nalo mtaani.

Dosari iliyoniuma ni tafsiri. Mhadhiri alizungumza Kiingereza, na mkalimani, ambaye bila shaka alijitahidi, alizifupisha sentensi ndefu hata mara nyingine “uvumi” na “ushahidi” vikatoka kwa neno moja, “habari”. Katika mada kama hii, kosa hilo si dogo.

Lilidhihirika wakati wa maswali. Mzee mmoja wa Kipemba alisimama, ameishika kofia yake mkononi, akasema kuwa mjukuu wake wa miaka mitatu alipakatwa na mama yake, hivyo hakukatiwa tiketi wala hakuandikwa popote. Mkalimani alitafsiri kwamba mzee alipoteza mjukuu. Binti aliyekaa mbele yangu akanyoosha mkono, akasema kwa heshima, “Samahani, mzee amesema mtoto alipakatwa,” na neno hilo lilipomfikia mhadhiri, alishuka jukwaani na daftari lake. Aliomba jina la mtoto, akaomba atajiwe herufi moja moja asije akalikosea, kisha akauliza ni nani mwengine aliyemwona akipandishwa melini. Mzee alifikiri kidogo, akamtaja jirani aliyewasindikiza hadi bandarini Malindi. Na hilo nalo likaandikwa.