Ununue nini cha kuoteshea maikrogrini za mitishamba

Maikrogrini ni miche michanga ya mboga au mitishamba inayokatwa na kuliwa ikiwa bado midogo. Kabla hujachagua mfuko wa kuioteshea, jiulize mmea utakaa kwenye trei kwa muda gani. Uwatu una mbegu nene yenye akiba yake, na huvunwa mapema kabla haujaimaliza. Mbegu ya mrehani ni ndogo mno na miche yake huhitaji wiki mbili hadi tatu, kwa hiyo madini ya chuma, kalsiamu na magnesiamu utakayopata kwenye jani hutegemea sana ulichouoteshea.

Nafasi ya kwanza naipa kokopiti, yaani vumbi la makumbi ya nazi, ikichanganywa na mboji ya minyoo: sehemu nne kwa moja. Kokopiti hushika maji huku mizizi ikipata hewa, na mboji ndiyo yenye chakula. Usizidishe mboji; nitrojeni ikiwa nyingi, naitreti hujaa kwenye majani, na chumvi huweza kuunguza miche. Soma lebo kwa makini. Kokopiti isiyotayarishwa huwa na sodiamu na potasiamu nyingi, tena hung'ang'ania kalsiamu na magnesiamu ambayo mmea ungeitumia. Nunua iliyooshwa na kutiwa kalsiamu. Ukisuuza mwenyewe kwa maji matupu utapunguza chumvi, ila sodiamu iliyonata kwenye nyuzi haitatoka yote.

Ya pili ni piti, yaani masalia ya mimea yaliyooza nusu kwenye vinamasi, iliyotiwa chokaa. Bila chokaa ina uchachu mkali. Mitishamba mingi hupenda pH, yaani kipimo cha uchachu, ya 5.5 hadi 6.5. Huotesha vizuri sana, lakini huchimbwa kwenye vinamasi vilivyojijenga kwa maelfu ya miaka, na hilo linanizuia kuipa nafasi ya kwanza.

Ya tatu, mikeka ya juti au katani. Ni safi, na mavuno hayana mchanga. Haina chakula chochote: kwa uwatu inatosha, kwa mrehani au giligilani nunua pia virutubisho vya kuchanganya na maji. Perlaiti, yaani punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano, huleta hewa tu, kwa hiyo ni ya kuongezea.

Udongo wa bustani na samadi mbichi sivipangi kabisa. Miche hii hukatwa karibu na udongo na huliwa mbichi, na humo ndimo bakteria wa Salmonella na E. coli huweza kujificha.

Mfuko ukijinadi kwamba huongeza vitamini C, usiulipie zaidi. Vitamini hiyo, pamoja na karotini, hutegemea zaidi mwanga na aina ya mbegu, hivyo fedha hiyo nunulia taa.