Vitafunio vya watoto katika kibanda cha Coco Beach

Jumamosi tulipowapeleka watoto Coco Beach, tulinunua vitafunio katika kibanda kinachouza matango, mayai ya kuchemsha na ubuyu wa rangi. Tango lilimenywa mbele yetu na kukatwa vipande virefu ambavyo binti yangu wa miaka 3 alivishika mwenyewe, na pilipili iliwekwa pembeni bila sisi kuomba. Ubuyu ningeshauri uachwe, kwa kuwa sukari yake hung'ang'ania kwenye magego, na mtoto anayemung'unya punje moja moja mchana kutwa huwapa bakteria wa kinywani nafasi ya kutengeneza tindikali bila meno kupumzika. Kilichoniudhi ni kukosekana kwa maji ya kunywa. Palikuwa na soda na juisi za paketi tu.