Nikupangie, mzee? Uzoefu wangu na duka la kuchapa ramani Wandegeya

Nimetulia kidogo, ndiyo maana naandika leo. Ningeandika siku ile ningetukana tu.

Nachora ramani za nyumba, nakaa Bombo. Kuchapa karatasi za A1, zile kubwa za ramani, huku kwetu ni shida, kwa hiyo huteremka Kampala, barabara ni ileile moja hadi Wandegeya. Duka lenyewe silitaji. Plota yao, ile mashine ya kuchapa karatasi kubwa, inalia kama kinu cha mahindi, anayelijua ameshalijua.

Kwanza mnielewe ninavyochora. Mionekano ya ubavuni, yaani nyumba ikitazamwa kutoka pembeni, naichora ikiwa imelala, makusudi kabisa. Naiweka kando ya ramani ya sakafu, navuta mistari moja kwa moja kutoka kwenye kuta na madirisha, sipimi mara mbili. Enzi za ubao na rula ya T ulikuwa unageuza karatasi tu, kazi imekwisha. Kwenye kompyuta, ndani ya AutoCAD, ubavu wa kushoto unatoka paa likielekea kulia, kama mtu aliyejilaza. Basi unaingia kwenye leyauti, ule ukurasa wa kuchapia, ndani ya fremu yake, lile dirisha linaloonyesha mchoro, unaandika amri za kugeuza mtazamo: UCS, Z, -90, halafu PLAN, na nyumba inasimama wima. Kule kwenye modeli, penye mchoro wenyewe, hakijasogea kitu. Mara yangu ya kwanza nilisahau ile alama ya kutoa, nikaandika 90 kavu, paa likaenda chini na msingi juu. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Sasa siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, sikuwahi kutoa PDF. Nikabeba faili lenyewe la kuchorea kwenye flashi, lile ambalo mtu yeyote anaweza kulichezea. Najua, najua. Msinianze.

Kijana wa kompyuta alikuwa na rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, mkono mmoja, kipanya mkono wa pili. Akafungua kazi yangu, akatafuna, akasema, "Mzee, hii imekaa vibaya, ngoja nikupangie." Nani kamwomba? Kabla sijafungua mdomo kashaikamata fremu ya ubavuni, kaizungusha. Fremu ikageuka, nyumba ndani yake haikugeuka! Nusu ya paa ikakatwa. Nikapiga kelele arudishe. Akasema anarudisha. Hapo hapo simu ikalia, Hajati mwenye nyumba anauliza nimefika wapi, fundi anamsubiri. Nikatoka nje kumjibu. Niliporudi nikakuta karatasi zimekunjwa na kufungwa mpira, bei imetajwa. Nikalipa. Kwa nini sikuzikunjua pale pale? Hilo naulizwa na mke wangu mpaka leo.

Kwa Hajati tukazitandaza juu ya mkeka. Nyumba imesimama, paa juu, safi. Fundi akatoa rula yake. Mwonekano wa mbele, ukuta sentimita 3, yaani mita 3 kwa skeli ya 1:100. Akahamia ubavuni: sentimita 2.7. Akapima tena. Chini yake imeandikwa 1:100, maandishi yangu mwenyewe. Hajati akaniangalia taratibu, akasema, "Mwanangu, nyumba yangu mbele ndefu, ubavuni fupi?" Nilitamani mkeka unimeze.

Yule kijana hakurudisha kitu. Aliinyoosha fremu, kisha akaingia ndani yake na kuzungusha gurudumu la kipanya mpaka paa lote likaonekana. Skeli ikaenda na maji.

Nikarudi Wandegeya siku hiyo hiyo, jasho na vumbi. Unajua alinijibu nini? "Mzee, sisi tunachapa, hatupimi." Hata pole hakuna. Wala hakunitazama. Karatasi mpya nikalipia kwa pesa yangu.

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya plota.

Ila niseme kweli. Fremu ina kufuli, na sikuifunga. Ningeifunga, gurudumu lake lisingegusa skeli. Na hata programu ina lake. Kuna mpangilio unaitwa VPROTATEASSOC, herufi 13, nani atauotea? Ukiwa 1, ukizungusha fremu na mchoro unazunguka nayo. Ukiwa 0, fremu inageuka peke yake. Kwangu ni 1, kwake bila shaka ilikuwa 0, ndiyo maana alichanganyikiwa. Kwa hilo namwonea huruma kidogo. Kwa ulimi wake, hapana.

Halafu mistari yao ni myembamba na meusi yake ni meusi kweli. Nimejaribu maduka mengine mawili, karatasi zinatoka na michirizi. Haya, nyota mbili na nusu.

Juzi nilikuwa na kazi nyingine ya A1. Nikaenda pale pale, safari hii na PDF, na rula mfukoni. Kijana yuleyule, rolex yuleyule nadhani. Akafungua, akainamisha kichwa, akaniuliza: "Nikupangie, mzee?"